Bando la Kifaa Kisicho na Kidole: Uchambuzi wa Gharama za Data Sitalike

Sitalike iko yapata kilomita 35 kusini mwa Mpanda, kwenye barabara ya kwenda Sumbawanga, pale mto Katuma unapopakana na Hifadhi ya Taifa ya Katavi. Wageni hukijua kijiji hiki kwa viboko wanaosongamana kwenye madimbwi wakati wa kiangazi. Wenyeji wanakijua pia kwa mahindi, kwa asali, na kwa nyumba za kulala wageni zinazotegemea msimu. Lakini wapo wakazi wengine wa Sitalike ambao hakuna sensa inayowahesabu: vifaa vyenye laini ya simu ndani yake. Basi la mikoani linalopita barabarani limefungwa kifaa cha ufuatiliaji, VTS, kinachopeleka mwendo wake LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini. Mashine ya risiti ya EFD kaunta ina laini ya kupeleka taarifa za mauzo kwa Mamlaka ya Mapato. Sola ya mkopo juu ya bati inaweza kuwa na laini, kamera ya getini vilevile, na kuna bodaboda ambayo mwenyewe ameifichia kifaa cha kuifuatilia chini ya kiti.

Kila kimoja kinataka data, na kila mwenye nacho hulalamika kwamba data ni ghali. Malalamiko hayo nayachukulia kwa uzito, ila nadhani yanaelekezwa mahali pasipo. Kwa vifaa vingi kati ya hivi, data yenyewe ni karibu bure. Kinachomkamua mwenye kifaa ni namna data inavyokatwa, inavyowekewa tarehe na inavyouzwa. Bando limeshonwa kwa ajili ya mtu mwenye simu mkononi. Mashine inavalishwa vazi hilohilo, na linaipwaya.

Tuanze na hesabu, kwa sababu bila hesabu mjadala huu hubaki manung'uniko. Chukua kile kifaa cha pikipiki. Kila dakika kinatuma mahali kilipo, mwendo na hali ya betri. Ujumbe huo, pamoja na nyongeza zote ambazo mtandao huuambatanisha nao ili ufike, tuukadirie baiti 200. Kwa siku ni jumbe 1,440, sawa na baiti 288,000, yaani chini ya theluthi moja ya MB. Mwaka mzima, usiku na mchana bila kupumzika, kifaa hicho kitatumia takriban MB 105. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, baada ya kufanya tathmini ya gharama iliweka bei elekezi ya data kati ya shilingi 2.03 na shilingi 9.35 kwa MB moja. Zidisha. Data ya mwaka mzima ya bodaboda ile ina thamani ya shilingi 213 kwa bei ya chini, na shilingi 983 kwa bei ya juu. Haifiki shilingi 1,000.

Sasa mwenye bodaboda anaingia kwenye menyu ya kampuni ya simu kutafuta bando. Anakuta la siku, la wiki, la mwezi. Tuseme anachagua dogo la wiki kwa shilingi 1,000. Mwaka una wiki 52, kwa hiyo ametoa shilingi 52,000 kwa data ambayo kwa bei ya juu kabisa isingevuka 983. Amelipa mara 50 na zaidi. Hakuna aliyemwibia, na bei kwa kila MB kwenye bando lake huenda ilikuwa ndani ya kiwango cha TCRA. Ila karibu MB zote alizonunua zilikufa Jumapili usiku bila kuguswa, na Jumatatu akanunua nyingine zife.

Kamera ni habari tofauti kabisa. Kamera inayorusha picha mfululizo kwa kasi ndogo ya megabiti 1 kwa sekunde hutumia MB 10,800 kwa siku. Kwa siku 30 ni MB 324,000, na hata kwa ile bei ya chini ya shilingi 2.03 bili inafika shilingi 657,720 kwa mwezi. Hakuna nyumba ya wageni kijijini inayoweza kuibeba hiyo. Ndiyo maana watu hufunga kamera kwa furaha na kuizima kabla mwezi haujaisha. Kamera hiyohiyo ikipangwa irekodi kwenye kadi yake ya kumbukumbu, na itume kipande cha sekunde 15 pale tu inapoona kitu kinatembea, mambo hubadilika. Vipande 20 kwa siku ni MB 37.5, sawa na MB 1,125 kwa mwezi, yaani kati ya shilingi 2,284 na 10,519. Hapo mtu anaweza kukaa na kifaa chake.

Lakini Sitalike si Masaki ya Dar es Salaam. Kamera iliyoelekezwa upande wa mto itawaona viboko wakitoka usiku kwenda malishoni, itaona matawi yakipepea upepo wa kiangazi, itaona nyani, na kila mara itadhani ameingia mwizi. Vipande 20 vikawa 200, bili nayo ikapanda mara kumi: kati ya shilingi 22,838 na 105,188. Mtu aliyepiga hesabu zake Dar es Salaam akaja kufunga kamera Katavi atashangaa MB zimekwenda wapi. Kuigeuza kamera nyuzi chache ili itazame geti badala ya kichaka kunaweza kuokoa pesa nyingi kuliko kuhama kampuni ya simu, na ushauri huo sijawahi kuuona ndani ya boksi la kamera yoyote.

Kuna pia ulaji wa kimyakimya. Vifaa vingi vya kisasa hupiga hodi kwa seva ya mtengenezaji kila baada ya muda mfupi, hata visipokuwa na la kusema, ili mlango usifungwe. Kisha huja masasisho ya programu. Sasisho moja la MB 30 linameza data ambayo kifaa cha bodaboda kingeitumia kwa zaidi ya miezi mitatu. Mara nyingi mipangilio ya mambo haya imo ndani ya kifaa na inaweza kubadilishwa: kila dakika ikawa kila dakika tano pikipiki inapotembea, na mara moja kwa saa inapokuwa imeegeshwa. Fundi anayefunga kifaa bila kumuuliza mteja swali hili anamwachia deni la kila mwezi.

Turudi kwenye bando, kwa maana hapo ndipo penye kiini. Aprili 2, 2021 nchi ilitikisika pale viwango vipya vya vifurushi vilipoanza kutumika na watu wakaona MB zimepungua kwa pesa ileile. Kelele zilikuwa kubwa, Serikali ikavisitisha na bei za awali zikarudi. Kilichosahaulika kwenye vumbi lile ni kwamba kanuni za TCRA za wakati huo zilikuwa na mambo mazuri: mteja apewe taarifa anapofikisha asilimia 75 na asilimia 100 ya matumizi, asitozwe nje ya kifurushi bila ridhaa yake, aweze kumhamishia mwingine uniti zake, na akinunua tena kifurushi kilekile kabla hakijaisha, salio lisipotee. Kwa mtu mwenye simu hizi ni haki za maana, na waliozipigania walifanya kazi njema.

Sasa zipeleke haki hizo kwenye laini iliyofungiwa ndani ya kifaa. Ujumbe wa asilimia 75 unatumwa, lakini unaingia kwenye kifaa kisicho na kioo chini ya kiti cha pikipiki, na hakuna atakayeusoma. Ridhaa ya kutozwa nje ya kifurushi haiwezi kutolewa, kwa kuwa hakuna wa kubonyeza. Matokeo yake kifaa kinanyamaza. Mwenyewe atagundua siku pikipiki imeibwa, akifungua programu na kukuta mahali pa mwisho palipoonekana ni pa wiki iliyopita. Kununua tena kabla ya muda kuisha kunamtaka akumbuke tarehe ya laini ambayo haishiki mkononi, na wengi hawakumbuki. Ulinzi wote ule umejengwa juu ya dhana kwamba mbele ya laini yuko binadamu.

Ajabu ni kwamba sheria yetu inajua kuwa sivyo. Kanuni za usajili wa laini za mwaka 2020, zilizofuata ule usajili wa alama za vidole uliofikia kikomo Januari 20, 2020, zinatenganisha laini za watu na laini za mashine. Mtu binafsi anaruhusiwa laini moja ya kawaida kwa kila mtandao, na kando yake hadi laini nne za mawasiliano ya mashine kwa mashine. Mamlaka ilishatambua kwamba mwananchi wa kawaida anaweza kuwa na pampu, kamera na pikipiki zinazohitaji laini zao. Kampuni za simu nazo huuza mipango maalumu ya laini za mashine, ila kwa kawaida ni kwa mkataba na kampuni, kwa laini nyingi kwa mpigo. Mwenye kifaa kimoja Sitalike haingii mlango huo. Anarudishwa kwenye menyu ya bando la wiki.

Kodi nayo imo, ingawa si sehemu kubwa ya kisa hiki. Huduma za mawasiliano Tanzania hutozwa ushuru wa bidhaa wa asilimia 17, na VAT ya asilimia 18 juu yake. Ukizipandisha pamoja, huduma ya shilingi 100 inamfikia mnunuzi kwa takriban shilingi 138. Kwa anayetumia MB zake zote, hiyo ni kodi ya alichotumia. Kwa mwenye kifaa, nyingi ya shilingi hizo 38 ni kodi ya data iliyokufa bila kutumika.

Vipo vifaa ambavyo bili yake haionekani kabisa, na hapo mtu hudhani hakuna bili. Sola ya kulipia kidogo kidogo ni mfano. M-KOPA, iliyoanza biashara Kenya mwaka 2012, ilitia laini ndani ya kifaa chenyewe: ukilipa kwa simu, kifaa kinapata habari hewani na taa zinawaka, usipolipa, kinazimwa kutoka mbali. Gharama ya data hiyo ipo ndani ya malipo ya kila siku. Wengine walichagua njia ya namba: mteja analipa, anapokea tarakimu kwa SMS, anazibonyeza mwenyewe. LUKU ya TANESCO, ile ya umeme wa kulipia kabla, imefanya kazi hivyo kwa miaka mingi. Mita ya kawaida ya LUKU haina laini. Tokeni ya tarakimu 20 hubebwa na mtu kutoka kwenye simu hadi ukutani, na kwa hiyo mamilioni ya mita hayana bili hata moja ya data.

Kutokuwa na laini nako kuna gharama yake, na Watanzania waliionja mwaka 2024. Mfumo wa kimataifa ambao tokeni za LUKU zinaufuata ulikuwa unafikia mwisho wa hesabu yake ya tarehe Novemba 24 mwaka huo, na kila mita duniani yenye mfumo huo ilibidi iboreshwe kabla ya siku hiyo. Kwa kuwa mita hazifikiki hewani, kazi iliwaangukia wateja: kuingiza namba za ziada, mara mbili, kabla ya tokeni ya umeme, nyumba kwa nyumba. Bibi asiyeona vizuri alihitaji mjukuu. Hata hivyo, nikipima pande zote mbili naiona njia ya LUKU kuwa ya busara kubwa kwa kijiji: usumbufu mmoja kwa miaka mingi ni nafuu kuliko bando lisilo na mwisho. Jambo la kwanza la kumuuliza muuzaji wa kifaa chochote, basi, ni kama kazi hiyo inahitaji laini kweli.

Palipo na wanyama, jibu mara nyingi ni ndiyo. Katika hifadhi ya Ol Pejeta kule Laikipia, Kenya, shirika la Save the Elephants lilimvisha tembo dume aitwaye Kimani kola yenye laini ya simu. Kila alipokaribia mashamba kola ilituma SMS kwa askari nao wakamwahi; habari zake zilienea mwaka 2008. Kwa kijiji kinachopakana na hifadhi kama Sitalike, thamani ya ujumbe kama huo haihitaji kuelezwa kwa mkulima aliyewahi kukesha akipiga debe. SMS ni chache, gharama ni ndogo, na faida ni gunia zima la mahindi.

Ila laini ikishatoka mikononi mwako, lolote laweza kuipata. Mwaka 2018 wanamazingira wa Poland walipokea bili ya zloti zaidi ya 10,000 kwa sababu ya korongo mmoja, Kajtek, aliyehamia kusini na kupotelea Sudan. Mtu alikiokota kifaa chake, akachomoa laini na kuitumia kupiga simu kwa saa kama 20. Mwaka uliofuata ilikuwa zamu ya watafiti wa Urusi. Tai wao, Min, alikaa msimu mzima Kazakhstan mahali pasipo na mtandao, kifaa kikilimbikiza jumbe. Aliporuka hadi Iran na kukuta mnara, limbikizo lote likatoka kwa mpigo, kila SMS kwa rubo 49, na bajeti yao ikaisha hadi kampuni ya MegaFon ilipowasamehe deni. Na Johannesburg, mwanzoni mwa 2011, wezi walichomoa laini kwenye taa za kuongozea magari takriban 400 na kuzitumia kupiga simu kwa gharama ya jiji.

Visa hivi vitatu vina mafunzo ambayo mwenye kifaa Katavi anaweza kuyatumia leo. Laini ya kifaa ifungiwe huduma ya kupiga simu. Isiwekewe salio la kawaida zaidi ya linalohitajika, ili anayeichomoa akute hamna kitu. Na kifaa kinachoingia na kutoka mtandaoni, kama gari la watalii linalokatiza Katavi, kipangiwe cha kufanya na jumbe zilizolimbikizwa: zitumwe zote, au zitumwe chache na zilizobaki zisubiri kusomwa kambini.

Suala la mtandao lenyewe linastahili aya yake, maana Katavi haina minara ya kumwaga. Hifadhi ina kilomita za mraba 4,471, na ukishaziacha nyumba za mwisho za kijiji, alama za mtandao hupungua na kwingine kupotea kabisa. Kifaa chenye mtandao hafifu hakitumii data kidogo, mara nyingi hutumia zaidi. Kinatuma, hakipati jibu, kinatuma tena, kinakata, kinaunga upya, na kila jaribio lina uzito wake kwenye data na kwenye betri. Ndiyo maana kampuni yenye bando la bei ndogo inaweza kuwa ghali kuliko yote pale kifaa kilipo. Anayefunga pampu ya maji alete laini za mitandao kadhaa, asimame palepale kisimani na kupima. Kupima barazani nyumbani hakumsaidii.

Kujenga mnara mahali penye watu wachache hakulipi kibiashara, na kwa ajili hiyo ulianzishwa Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, UCSAF, kwa sheria ya mwaka 2006. Mei 13, 2023 mfuko huo na kampuni za simu walisaini mikataba ya minara 758 vijijini, Rais Samia Suluhu Hassan akishuhudia. Naiunga mkono kazi hiyo kwa moyo wote. Ila unafuu wa bei bado unapimwa kwa binadamu peke yake. Kipimo cha Umoja wa Mataifa kimekuwa kikiuliza kama GB 2 kwa mwezi zinapatikana kwa chini ya asilimia 2 ya wastani wa pato la mtu. Kifaa kinachohitaji MB 9 kwa mwezi hakimo kwenye swali hilo, na kisichoulizwa hakipangiwi bei.

Ipo pia njia ya kuikwepa laini. Mwaka 2017 hifadhi ya Akagera nchini Rwanda ilifungiwa mtandao wake wa LoRaWAN, wenye minara michache ya hifadhi yenyewe inayopokea jumbe fupi kutoka kwa vihisishi vya magari, mageti na vifaa vya askari. Kihisishi hakina laini wala bando, kinatumia umeme kidogo mno, na ujumbe wake husafiri kilomita nyingi kwenye nyika ya wazi. Gharama yote iko kwenye kujenga na kutunza. Kwa kifaa kimoja haina maana. Kwa hifadhi, halmashauri au chama cha ushirika chenye visima na maghala mengi, hesabu yake inaweza kushinda ya bando ndani ya miaka michache. Video haipiti humo, kwa hiyo wenye kamera wasiitumainie.

Wengi wa Sitalike wataendelea na laini ya kawaida, na kwao ninachokitaka kinaweza kuandikwa kwenye karatasi moja. TCRA ina mamlaka ya kuziagiza kampuni ziuze rejareja, kwa wakala yeyote wa kijijini, kifurushi cha laini ya mashine cha mwaka mzima. Kiwe na MB 200, kisiwe na huduma ya kupiga simu, na laini isifungwe ndani ya mwaka huo. Mteja aandikishe namba yake ya kawaida, na taarifa za asilimia 75 na 100 ziende kwenye namba hiyo badala ya kwenye kifaa. Ruhusa ya kuongeza data itolewe kutoka kwenye namba hiyohiyo. MB 200 kwa shilingi 9.35 ni shilingi 1,870. Kampuni ikiongeza gharama za kutunza namba, za wakala na faida yake, na kukiuza shilingi 10,000, mwenye bodaboda wetu ataokoa shilingi 42,000 kwa mwaka, na kampuni itapata mteja ambaye leo anakaa miezi kadhaa bila kuunga bando kwa sababu amechoka.

Kifurushi hicho hakihitaji mnara mpya wala mtambo mpya, maana laini za mashine tayari zinasajiliwa kwa jina hilo tangu 2020. Kinachohitajika ni mstari mmoja kwenye menyu, chini ya la siku, la wiki na la mwezi.